Ratiba ya papi tangu siku anaingia nyumbani: mwongozo kamili kwa watu wa nyanda za juu kusini

Kamwene wanyalukolo, na ndugu zangu wa Mbeya, Tukuyu, Njombe na Makambako msijione mmesahaulika. Huku kwetu nyumba nyingi zenye geti zina mbwa, ila ukimuuliza mwenye nyumba huyo mbwa anakula saa ngapi na anajisaidia wapi utaambiwa "anajijua mwenyewe". Sawa, mbwa mkubwa anajijua. Papi wa miezi miwili hajijui kabisa, ndio mana anakojoa sebuleni, analia usiku kucha mpaka jirani anagonga ukuta, anaharisha wiki ya kwanza, alafu akifa watu wanasema kuna mtu ana mkono mbaya.

Kitu kimoja nataka ukishike kabla ya yote: usiifunge ratiba ya papi kwenye saa ya ukutani, ifunge kwenye mambo ambayo hapo kwako hayakosekani hata siku moja. Geti linafunguliwa asubuhi, watoto wanaondoka kwenda shule, chakula cha mchana kinapikwa, watoto wanarudi, taa zinawashwa, mlango mkubwa unafungwa kulala. Hivyo nitaviita vigingi. Papi hajui saa mbili wala saa tatu, ila akishasikia kufuli la geti siku kadhaa mfululizo na baada ya kufuli akapelekwa kukojoa, kesho yake atakuwa ameshasimama mlangoni anakusubiri. Ratiba ya saa inakufa siku ya kwanza umechelewa kurudi kutoka sokoni Mwanjelwa, vigingi havifi.

Kabla hajafika

Umri kwanza. Asichukuliwe chini ya wiki 8, hata kama muuzaji anakwambia "huyu anakula ugali mwenyewe tayari". Zile wiki za mwisho na mama yake na wenzake ndo anajifunza kung'ata kwa kipimo, ukimchukua wiki ya 5 hiyo kazi ya meno unaipokea wewe na watoto wako. Muulize muuzaji mambo matatu: amepewa dawa ya minyoo lini, amechanjwa nini (omba kadi, maneno matupu hayasaidii), na amezoea kula nini. Hicho anachokula beba kidogo uende nacho, nitaeleza chini kwanini.

Safari nayo. Kama unamtoa Mafinga unampeleka Mbeya, au unapanda naye ile barabara ya kona kona ya Uyole kwenda Tukuyu, usimlishe masaa mawili matatu kabla ya kuondoka mana atatapika. Weka kwenye boksi lenye matundu, chini tandika nguo kuukuu uliyosugua kwa mama yake, ile harufu inamtuliza kuliko kubembelezwa na abiria wote wa basi.

Sasa malazi, na hapa ndo mwongozo wa mtu wa Dar haukusaidii. Mwezi wa sita mpaka wa nane huku usiku ni baridi kweli, Njombe na Makete mpaka sakitu inadondoka, na papi mdogo mwili wake bado hauwezi kujipasha joto vizuri kama mbwa mkubwa. Sakafu ya sementi inamnyonya joto lote. Kwaiyo boksi gumu au kreti ya mbao, liinuke juu kidogo kwa vipande vya mbao, ndani mwaga maranda ya kutosha, juu blanketi lililochakaa. Maranda kwa fundi seremala yeyote yapo, na ukiwa Mafinga ndo usiseme. Chukua yale ya kurandia, yale mepesi yaliyojikunja, sio vumbi la msumeno, lile linaingia puani na machoni. Badilisha kila wiki kwa sababu viroboto na funza wanapenda vumbi kavu lililokaa, na papi akishaingiwa funza kwenye vidole hataki hata kukanyaga chini.

Chupa ya maji ya moto ifunge vizuri, izungushie soksi nene au sweta, weka upande mmoja wa boksi ili akisikia joto limezidi ahame. Ila tafadhali sana, jiko la mkaa usilale nalo chumba kimoja na papi milango imefungwa. Ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua, mbwa na watu.

Chagua kabisa kona ya choo huko nje, sehemu isiyo na matope mengi, na ikiwezekana iwe na kipaa juu kwa ajili ya mvua. Na mwisho kaeni kama familia mgawane vigingi. Nani anashika asubuhi, nani mchana, nani usiku, muandike mbandike mlangoni. Nyumba nyingi mzigo wote unaishia kwa dada wa kazi ambaye hata hakuulizwa kama anapenda mbwa, alafu papi akikojoa kwenye kapeti anagombezwa yeye. Hiyo sio haki, na ratiba inayomtegemea mtu aliyelazimishwa haifiki mbali.

Siku yenyewe inavyokwenda

*Geti likifunguliwa, saa kumi na mbili hivi.* Kabla hujapiga mswaki, kabla hujawasha jiko, mbebe papi mpaka kona yake ya choo. Nasema mbebe, mana ukimwacha atembee mwenyewe atakojolea njiani. Simama, usicheze naye, sema neno lenu moja, "kojoa" inatosha, na nyumba nzima itumie neno hilo hilo. Akimaliza, hapo hapo, sio mkirudi ndani, msifie na mpe kipande cha dagaa. Ukichelewa sekunde kadhaa tu yeye anadhani amepewa dagaa kwa sababu ya kurudi ndani. Alafu chakula cha kwanza. Baada ya kula subiri dakika kama 10 hadi 20, rudi naye kwenye kona, hapo mara nyingi anatoa haja kubwa.

*Watoto wakienda shule.* Hapo ndo anacheza, watu wanapiga kelele, viatu vinatafutwa, yeye anakimbiza kamba za viatu. Mwache acheze robo saa, nusu saa, akianza kung'ata ovyo ovyo na kuzunguka kama amechanganyikiwa sio mkorofi, amechoka. Papi wa umri huu analala masaa 18 mpaka 20 kwa siku. Watu wengi hawaamini hii, wanamchezesha kutwa nzima, jioni wanalalamika anang'ata. Mrudishe kwenye boksi lake alale, na watoto wafundishwe kwamba papi akiwa kwenye boksi haguswi, hata aje rafiki gani wa kumwona.

*Katikati ya asubuhi.* Akiamka tu, choo. Hii ndo kanuni yenyewe ukitaka ikae kichwani: akiamka choo, akila choo, akimaliza kucheza choo. Katikati ya hapo uwezo wake wa kubana ni kama miezi yake ukiongeza moja, yaani wa miezi miwili masaa matatu kwa shida, na mchana akiwa anachangamka ni chini ya hapo. Mpe jua. Baridi yetu ina jua zuri la saa nne saa tano, mtoe uani na hapo hapo mfanyie ukaguzi wa kila siku: kati ya vidole uone funza na kupe, ndani ya masikio, tumboni, chini ya mkia. Dakika mbili tu. Faida nyingine ni kwamba anazoea kushikwa, siku afisa mifugo anakuja na sindano hatakuwa vita.

*Chakula cha mchana kikiiva.* Chakula cha pili, choo, mafunzo ya dakika tano tu. Jina lake, "njoo", "kaa". Dakika tano zikiisha acha, hata kama anafanya vizuri. Alafu alale tena.

*Watoto wakirudi.* Chakula cha tatu, kucheza, na hapa ndo wakati mzuri wa kumwonyesha dunia. Kuna kipindi, kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, ambacho mbwa anajifunza kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kuogopa, na kikipita kimepita. Shida ni kwamba chanjo zinakuwa bado hazijaisha kwaiyo huwezi kumwachia atembee barabarani. Jibu ni kumbeba. Mbebe mpaka kwenye kona ya bajaji, asikie bodaboda, aone mtu kavaa koti la mvua, mama kabeba ndoo kichwani, mzee na fimbo yake. Asiwekwe chini, asilambe chochote. Mbwa aliyekosa haya ndo yule anayebweka kila kitu mpaka wenye nyumba hamjui lini ni mwizi.

*Taa zikiwashwa.* Chakula cha nne, kisizidi saa moja hivi jioni. Maji mwachie ila baada ya saa mbili usiku punguza, sio kumnyima. Michezo ya kelele iishe mapema.

*Mlango wa kulala.* Choo cha mwisho hata kama kunanyesha, hata kama unasikia uvivu. Ndani ya boksi, chupa ya moto, taa zima.

Usiku

Wiki ya kwanza atalia, amezoea kulala amebanana na wenzake. Wanaosema mfungie stoo alie mpaka akome sikubaliani nao hata kidogo, unamfundisha kwamba hapo kwako akihitaji kitu hakuna mtu anayekuja. Boksi liwe chumbani kwako au mlangoni pako, akianza kulia weka mkono umguse bila kuongea. Weka alamu kama saa nane usiku, mtoe akojoe kimya kimya bila taa kubwa wala mchezo, mrudishe. Kila wiki sogeza alamu mbele kidogo. Wengi wakifika miezi minne wanalala mpaka alfajiri. Akizoea ndo unaanza kusogeza boksi polepole kuelekea sehemu unayotaka alale siku zote, na bandani nje asiende mpaka apate mwili na baridi ipungue.

Chakula, hapa tusimame kidogo

Akifika, siku mbili za kwanza mpe kile kile alichozoea kwa muuzaji. Alafu changanya, robo chakula chako, nusu, robo tatu, ndani ya wiki umehamia. Kubadilisha ghafla ndo chanzo cha kuharisha kwingi kwa wiki ya kwanza.

Ugali mtupu haumkuzi papi. Anashiba, tumbo linajaa, mifupa inabaki dhaifu. Pika ugali laini au wali wa chenga, changanya na dagaa waliooshwa mchanga na chumvi, mayai ya kuchemsha, nyama au utumbo ulioiva vizuri, karoti au boga kidogo. Lenga nusu kwa nusu, ukishindwa basi angalau theluthi iwe dagaa, nyama au mayai. Dagaa wazima ni wazuri kwa sababu wanaliwa na mifupa yao, hapo kalsiamu ipo. Utumbo mbichi hapana, unaleta minyoo na mingine inahamia kwa watoto wako. Maziwa ya ng'ombe wengi yanawaharisha, mpe maji.

Sasa mahindi. Sisi ndo tunalima mahindi, na tabia ipo kwamba yaliyoota ukungu tunasaga "ya mbwa". Acha. Ule ukungu unaweza kuwa na sumukuvu, inaharibu ini, mbwa anakataa kula, anatapika, anakuwa njano machoni na anakufa, na kupika hakuiondoi. Na gunzi la mahindi ya kuchoma lisitupwe uani, papi anavunja vipande anameza vinaziba utumbo, hiyo ni kesi ya upasuaji na huku kwetu sio kila mahali utapata daktari wa kupasua mbwa. Kokwa la parachichi hivyo hivyo. Vingine vya kuweka mbali: chokoleti, vitunguu vya aina zote, zabibu, kahawa na masalia yake, mifupa ya kuku iliyopikwa, big'ii zisizo na sukari, sumu ya panya, dawa za shambani na ndoo zilizochanganyiwa. Na ulanzi jamani, najua kuna watu wanaona inachekesha mbwa akilewa. Papi wa kilo tatu hahitaji kikombe kizima kuwa mgonjwa.

Utajuaje anakula vya kutosha? Pitisha vidole mbavuni, uzisikie mbavu bila kubonyeza ila usizione kwa macho. Mbavu zinaonekana na tumbo limevimba kama ngoma, hiyo ni minyoo sio shibe. Chakula kiwekwe dakika 15, kilichobaki ondoa. Bakuli la kutwa nzima linaleta inzi na panya na linaharibu ratiba ya choo, kwa sababu kinachoingia bila mpangilio kinatoka bila mpangilio.

Kigingi cha mwezi: dawa na chanjo

Dawa ya minyoo kila wiki mbili mpaka afike miezi 3, alafu kila mwezi mpaka miezi 6, kipimo kwa uzito wake, nenda duka la dawa za mifugo na ujue kilo zake. Chanjo ya mchanganyiko inayokinga pavo na magonjwa mengine inaanza wiki ya 6 mpaka 8, inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa akifika miezi 3, irudiwe baada ya mwaka, na hii isikose kabisa. Ongea na afisa mifugo wa kata yako mapema, chanjo ya mchanganyiko wakati mwingine inabidi waagize na ni lazima ikae kwenye baridi njia nzima.

Pavo ndo inaua papi wengi: ametulia ghafla, hataki kula, anatapika, anaharisha maji yenye damu na harufu kali. Usikae na flajili ya binadamu nyumbani kusubiri, huyo ni wa daktari siku hiyo hiyo. Kirusi chake kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, kwaiyo kama uani kwako alikufa papi kwa dalili hizo usilete mwingine mpaka huyo mpya amalize chanjo. Sakafu osha kwa sabuni kwanza, alafu jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 30, iache dakika 10.

Na mtu yeyote aking'atwa na mbwa asiyejulikana amechanjwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, alafu hospitali moja kwa moja. Usipake vitunguu, mafuta ya taa wala nini.

Maswali ambayo lazima yaje

Kakojoa ndani. Ukimkuta katikati ya tendo, mbebe mpeleke nje amalizie. Ukikuta dimbwi tu, futa nyamaza. Kumsugua pua kwenye mkojo kunamfundisha kujificha nyuma ya kochi wakati mwingine. Osha kwa sabuni, malizia na siki iliyochanganywa na maji ili harufu isimwite tena.

Anang'ata mikono. Nyamaza, simama, geuka, mchezo umeisha kwa muda. Mpe kamba ya kitambaa chenye mafundo au karoti nzima nzima. Meno yanabadilika kati ya miezi 4 na 6, kipindi hicho kandambili zote ziwe juu.

Mvua za Tukuyu hazina likizo. Ndo mana nilisema kipaa. Mkirudi mkaushe miguu na tumbo kwa taulo, asilale na unyevu. Kuogesha ni saa sita mchana siku ya jua, maji ya vuguvugu, na sio kila wiki.

Nipo kazini mpaka saa kumi. Basi lazima kuwe na mtu wa kigingi cha mchana, jirani, mdogo wako, kijana wa hapo mtaani unayemlipa kitu. Huwezi kumfungia papi wa miezi miwili masaa tisa alafu utegemee boksi safi. Kama hakuna mtu kabisa, subiri likizo ndo umchukue, au chukua mbwa aliyevuka miezi 6.

Nataka awe mkali. Kila mtu huku anataka mbwa mkali, na kila mtaa una mtaalamu wa pilipili, bangi na nyigu kwenye ugali. Bangi ni sumu kwake, pilipili inamuumiza tumbo, nyigu wanamvimbisha koo. Mnyororo kutwa nzima nao unamtoa mbwa mwoga anayemrukia mtoto wa jirani. Mbwa mlinzi mzuri ni yule anayejua siku yake ya kawaida ikoje, kwa hiyo kitu kisicho cha kawaida saa tisa usiku anakijua mara moja.

Akikua

Miezi 3 punguza chakula kiwe mara tatu, ondoa kimoja cha katikati kwanza, cha asubuhi na cha jioni vibaki. Miezi 6 mara mbili. Wiki moja au mbili baada ya chanjo ya mwisho anaweza kutembea nje kwa kamba, na hapo kigingi cha watoto kurudi shule kinageuka kuwa matembezi. Kulala bandani anza na mchana kwanza, ndani kuna maranda yale yale na blanketi lile lile, mlango wa banda usielekee upande unaotoka upepo.

Mkisafiri mwisho wa mwaka kwenda kijijini Kyela au Ludewa, anayebaki naye mwachie karatasi ya vigingi, dagaa za kutosha, neno lenu la choo, na namba ya simu ya afisa mifugo, na aje kushinda hapo siku mbili kabla hamjaondoka ili papi amzoee nyinyi mkiwepo.